Sweta ya Biira

Niliahidi viatu vya taa, vile vya kuwaka kisiginoni kila unapokanyaga.
Kwa simu niliahidi, kwa kelele, mtandao ukikatikakatika,
na Biira akajibu, "Vyekundu, Mama Mdogo. Vyekundu."
Mshahara ukachelewa.
Nikashuka Kasese saa saba mchana na sweta ya sufu,
ya kijani, ya mtumba, katika mji ambao hata mbuzi
hugombania kivuli cha nguzo ya umeme.

Masereka, miaka mitatu, akapekua mfuko hadi chini.
"Taa ziko wapi?"
Akaukung'uta. Akachungulia tena.
"Amedanganya!" akautangazia ua mzima,
hadi kwa jirani anayeanika kahawa.
Wala hakuwa na chuki. Alisoma alichokiona,
kama mtu asomavyo bei ya mafuta ubaoni.

Biira ana mitano na nusu.
Aliitazama sweta.
Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameacha kupepeta maharage.
Kisha akanitazama mimi, muda mrefu,
hapa, kati ya nyusi na mdomo,
mahali nilipodhani nimefunga mlango.
Kidevu kilimcheza mara moja.
Akakituliza, kama unavyomshika kuku asirukeruke,
akavaa sweta, akafunga vifungo vyote sita.
"Inanitosha," alisema.

Nani alimfundisha? Sisi, bila shaka,
sisi tunaomkenulia meno mwenye nyumba
na kumsonya akishapita.
Lakini sisi hukenua kwa woga. Yeye sijui.
Sijui aliona nini usoni kwangu hata akanihurumia.

Alishinda nayo. Jasho lilimtoka puani,
shingo ikaota vipele, na kila nilipomwambia avue
alitikisa kichwa, akanipa tabasamu lile
jipya, bado halijamkaa vizuri.

Jioni nikamsikia nyuma ya jiko
akimweleza mwanasesere wake wa majani makavu ya mgomba:
"Usilie. Atasikia.
Ukitaka kulia, lia kidogo kidogo."

Masereka ndiye aliyeniona nikifuta macho.
Hakuuliza. Alinitia mkononi kipande cha muhogo
alichokwisha kukiramba chumvi yote,
akasimama palepale, akinitazama mdomo,
akingoja nitafune.