Boriti Fupi

Fundi Famau alileta daftari lililoandikwa kwa mkono,
kurasa arubaini za kukarabati nyumba za Mkomani.
Alitaka safu mbili: "Ukwapi na utao,
jicho lipumzike katikati."

Nikampangia. Kompyuta ikatii,
ila kichwa cha sura ya pili
kikajibana safu ya kushoto:
CHOKAA NA MATU-
MBAWE.
Fundi akacheka hadi akakohoa.
"Boriti fupi hiyo. Sisi hupima mti kwanza,
ndipo tukajua upana wa chumba."

Amri moja. Kichwa kikajinyoosha
juu ya safu zote mbili, ukuta hadi ukuta,
na maneno yakaanza upya chini yake.

Sura ya tano ilinitoa jasho.
MIFEREJI ilianguka mwisho wa safu, pekee,
maneno yake yamekwisha kuvukia kulia:
hodi, na mgeni hayupo.
Nikaisukuma juu, ikarudi.
Nikatia nafasi, ukurasa ukawa na pengo la jino.
Umeme nao ukakatika. Tukanywa kahawa
tukitazama kioo cheusi.

Uliporudi nikaifunga kwa mistari yake miwili,
wakivuka, wavuke pamoja.

Ikabaki sura ya mwisho,
CHUMBA CHA MWANAMKUU.
Nilikuwa nakitandaza kama vingine
fundi akanishika mkono.
"Hicho kiache ndani ya safu.
Chumba chetu kilikuwa chembamba."

Nikaondoa amri.
Kikakaa mistari miwili, jina lake chini,
zima, bila kistari.