Nusu Athari

Ami Zahran aligawa maji ya falaji ya Mudheirib
miaka thelathini: mchana kwa kivuli cha mlingoti,
usiku kwa nyota, na macho yalipochoka,
kwa saa ya Kasio aliyoinunua Ruwi.
Nusu saa ya maji, hapa, huitwa athari.
Athari mbili za kina Sulum, moja ya msikiti,
moja na robo ya mjane Shinuna.
Hakuna aliyewahi kumdai tone.

Mbweha alikuja mchana.
Hilo peke yake lingetosha kutuambia.
Alisimama katikati ya mitende akitutazama
kama mgeni aliyesahau alichojia.
Ami akamrushia donge la udongo. Hakukimbia.
Akaja, akamng'ata kidole gumba, akaenda zake akiyumba;
kesho yake tukamkuta kando ya mfereji, amekauka.
"Mbweha mlevi," alisema Ami, nasi tukacheka.

Matundu mawili, kama ya sindano ya cherehani.
Akapaka bizari na chumvi, akafunga kitambaa.
Shangazi akamwambia, twende Ibra, hospitali.
"Leo nina zamu za watu. Kidole hakina zamu."

Hatukujua kwamba ugonjwa ule haupandi kwa damu.
Damu ina haraka.
Ule hushika mishipa ya fahamu, hutambaa
kama maji ya kwanza kwenye mfereji mkavu:
kidole, kiganja, kiwiko, bega,
na siku zote hizo mtu anakula, anasali,
anagombana na wanawe kwa ajili ya simu.

Wiki ya saba kovu likaanza kumwasha.
"Chungu," alisema, "wanatembea ndani kwa ndani."
Jumatatu akaomba maji.
Nilimletea kikombe. Mkono ulikipeleka mdomoni,
koo likakifukuza.
"Mimi siogopi maji," aliniambia, meno yakigongana,
"koo ndilo linaloogopa."
Tukazima feni, maana hata upepo ulimkaba.
Tukafunga dirisha linalotazama falaji,
asiyasikie yakipita.

Hili ndilo sikuwahi kuambiwa juu ya kichaa:
kwamba mwenyewe yumo.
Baina ya mshtuko na mshtuko alikuwa Ami yule yule,
ananiita kwa jina, anaomba radhi kwa mate,
anauliza nani anagawa leo,
na kama Shinuna amepata robo yake.

Ibra, daktari aliuliza swali moja tu:
aling'atwa lini?
Tulipojibu, aliifunga kalamu.
Alimpa dawa ya kulala, akatuvutia viti.
Alhamisi, kabla ya alfajiri, tukamfumba macho.

Mimi nilimfuta mate kwa mkono wenye mkwaruzo,
kwa hiyo nami nina kadi, na tarehe nne.
Sista Lissy, wa Kerala, anachoma begani bila maneno mengi,
ila siku ya kwanza alisema:
jeraha lioshwe papo hapo, maji yanayotiririka, sabuni,
dakika kumi na tano, kisha mbio kwenye sindano.
Dakika kumi na tano.
Nilihesabu njiani, nyumbani, kitandani.
Nusu athari.
Alikaa juu ya maji yote ya mji
na hakujikatia nusu athari.

Leo ni zamu ya Shinuna. Nimemkopa kidogo,
huku chini, mwisho wa mfereji, ambako maji hayanywewi.
Nimemshika mkono mjukuu wa Ami, Muhenna, miaka sita,
hakuumwa na kitu, anajifunza tu.
Saa ya babu yake inanipwaya mkononi.
Analalamika: sabuni inawasha, vidole vimekunjamana,
wenzake wanacheza.
Dakika ya nane.
Bado, namwambia.
Bado.