Theluji ya Kidole

Jumapili theluji ilianguka alfajiri,
na kabla ya saa nne ilikuwa imeshavaa rangi ya kiwanda.
Si nyeusi tititi. Nyeusi ya sufuria
iliyosuguliwa ikakataa.
Uani, Meruyert wa ghorofa ya nne alikuwa amelitandaza zulia lake juu yake,
analichapa kwa ufito kama mama yake alivyolichapa,
na zulia, nakuapia, lilirudi ndani
chafu kuliko lilivyotoka.

Nilipiga picha nikiwa na glavu moja,
ya pili nimeiuma kwa meno.
Simu ina ufa pembeni, lenzi ina doa la mafuta ya maandazi.
Mimi si mpiga picha. Mimi huhesabu mabakuli
katika kantini ya mafundi wa tanuri namba tatu,
nikipata dakika kumi naitazama Kazakhstan
kwa ukubwa wa kiganja.

Jikoni, birika likipumua, nikaanza kuosha.
Kidole kushoto: vivuli vikapungua.
Kidole kulia: weupe, weupe tena,
mpaka ua ukawa maziwa ya farasi yaliyomwagika mezani.
Bomba la moshi nililigusa mara mbili likatoweka,
simu ikashona anga mahali pake
kwa uzi wa anga nyingine.
Zulia nikalitia wekundu ambao aliyelifuma hakuwahi kuuona.
Meruyert nikamwondolea mikunjo miwili ya shingo
bila kumuuliza.

Nikairusha.

Kizuri chajiuza, walisema waliotutangulia;
hawakusema kinamuuzia nani.
Mioyo mia tatu kabla ya chakula cha mchana.
Mtu wa Lisbon: "Nchi safi namna gani hii!"
Mwingine akauliza bei ya zulia.
Nikawa natembea jikoni hadi dirishani, dirishani hadi jikoni,
kama mwenye mgeni njiani.

Saa mbili usiku akaandika Sholpan,
dada yangu, aliyehamia kusini
kwa sababu ya kifua cha mwanawe.
Hakuweka moyo. Aliandika:
"Kumbe wameshafunga vichujio kiwandani! Mbona hukuniambia?
Nimemwonyesha Sanzhar ua wetu,
analilia kuteleza na kile kigari cha mbao cha babu.
Tiketi za treni za Ijumaa bado zipo. Ninunue?"

Nikasoma mara tatu.
Kichujio kipo, dada.
Kimoja. Kimo ndani ya simu yangu,
kinaitwa Asubuhi ya Aktiki,
na hakichuji chochote kinachoingia pafuni.

Niliandika, nikafuta.
Niliandika kwamba labda majira ya kuchipua, nikafuta.
Mwishowe nikabonyeza: Rudisha picha ya awali.
Simu ikauliza, kwa adabu ya karani wa benki,
Mabadiliko yote yatapotea. Una uhakika?

Bomba lilirudi kwanza, na moshi wake begani.
Kisha masizi. Kisha shingo ya Meruyert.
Na chini, pembeni kabisa,
kitu ambacho sikukiona wakati wote ule nilipokuwa naosha:
nyayo zangu mwenyewe, kutoka mlangoni hadi niliposimama,
nyeupe.
Kila nilipokanyaga, masizi yalinata kwenye soli,
na theluji ya usiku ikachungulia.

Hiyo ndiyo niliyomtumia. Bila neno.
Alama mbili zikageuka buluu.
Anaandika. Ameacha.
Anaandika.

Kule hewani ile nyingine imefika mia nne na kumi na mbili,
na sijaifuta bado, sitadanganya.
Mlango unabishwa.
Ni Meruyert, na ndara zake, simu mkononi,
anacheka mpaka anashika ukuta:
"Wewe Raushan! Shingo yangu
umeiweka wapi?"