Maji Yamenifika Shingoni

Thunder Bay, Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na mimi nimekaa nje usiku, maji yamenifika shingoni
kwa hiari yangu.
Nywele zimeganda. Nikizigusa zinalia kama njiti.
Mgongo uliogeuza wagonjwa tangu alfajiri
unalegea, pingili kwa pingili.

Beseni hili nililikuta. Lilikuja na nyumba,
pamoja na koleo la theluji, pazia lenye maua yaliyofifia,
na daftari la kijani kwenye droo ya jikoni.

Muuzaji alitia chumvi kabla ya kunipimia chumvi:
"Hili halitaki klorini kabisa. Ni kama bahari."
Nikamwaga kifuko, nikasubiri bahari.
Siku ya tisa maji yakawa kama yameoshewa mchele,
kuta zikateleza kama bamia.

Ndipo nikafungua daftari.
Mwandiko wa Aili Koskela, bibi aliyekula chumvi nyingi,
penseli iliyochongwa kwa kisu:

*Chumvi haisafishi kitu. Chumvi ni mzazi.
Umeme ukipita kati ya vibati viwili, chumvi huzaa klorini,
klorini huua tulichoingia nacho,
kisha hurudi kuwa chumvi, ikangoja zamu.*

Nilisoma nimesimama, chai inapoa.
Kumbe bahari gani! Chumvi yenyewe ni haba
kuliko ya chozi.

*Harufu ikikukera, usidhani klorini imezidi.
Hiyo ni klorini iliyochoka, imeng'ang'aniwa na jasho.
Iongezee wenzake. Funua kifuniko, maji yapumue.*

(Hilo nalijua. Saa kumi na moja alfajiri, wodi ya pili,
sote tunanuka hivyo.)

*Mapovu hupandisha pH: 7.4, 7.6, 8.
Ikifika huko klorini ipo, lakini imesinzia.
Asidi, kijiko kwa kijiko. Usiwe na pupa.
Vibati vikiota gamba jeupe, loweka. Usikwangue.*

Na kando ya tarakimu, kwa herufi ndogo
kama za mtu asiyetaka kusikika:

*Februari 3. 7.5. Arvo kakaa robo saa. Goti limekunjuka.
Februari 19. 7.4. Kakataa kutoka. Tumecheka mpaka jirani kawasha taa.
Machi 2. 7.8. Sikutia asidi. Hospitali.
Machi 11. 7.4. Hakuna aliyeingia.*

Kisha Aprili nzima, kila jioni:
7.4.
7.4.
7.4.
Sijaona katika daftari lote maji safi kuliko hayo.
Hapakuwa na mwili wa kuyachafua.

Mwanawe, Reino, aliponikabidhi funguo
alisema mama alihangaika na lile beseni bila sababu,
hata kuogea hakuwa akiogea.
Nikaitikia tu. Sikuwa nimefungua droo.

Sasa pampu imenyamaza. Mvuke unapanda wima,
unapotea kabla ya kufika kwenye waya wa umeme.
Nachovya kikaratasi, nahesabu hadi kumi na tano,
nakiweka chini ya taa ya mlango:
rangi ya chungwa inayoanza kuwa nyekundu upande mmoja,
na macho yangu hayana hakika.

Walionifundisha kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge
hawakusema lolote kuhusu kutoka.
Hatua nane hadi mlangoni. Taulo limekuwa ubao.
Nakimbia nikipiga kelele lugha ambayo
mtaa huu haijawahi kuusumbua.

Jikoni, vidole bado vimekunjamana,
natafuta penseli, naendelea pale alipoachia,
ukurasa uleule, chini ya 7.4 ya mwisho:

*Januari 14. 7.7. Nimeingia mimi.
Nimeyachafua.
Kesho asidi, kijiko kimoja.*