Upepo Uitwao Bora

Yudita amenitumia ngome.
Imefika asubuhi, kabla sijawasha jiko la kuchemshia mashuka:
kuta nene juu ya kilima, chini yake Trieste,
na nyuma ya Trieste bahari,
bluu tupu mpaka ukingoni mwa kioo cha simu.
"Mama, nimepanda ngazi mpaka hesabu ikanipotea.
Tiketi yake ni bei ya debe la uwele."
Kisha sauti yake, inapigwapigwa kama turubai:
"Upepo wa huku una jina. Unaitwa Bora.
Ukivuma, watu wazima hushika kamba."

Nimecheka peke yangu hapa dobini.
Bora kuliko upi?
Wetu haujapewa jina, na kila Agosti
unang'oa bati la jiko la Mbeleje
unalipeleka kwa jirani bila kuomba radhi.

"Na wewe upande bomani," akasema.
"Miaka thelathini na moja unafua chini yake,
hujaingia hata siku moja kama mgeni."

Kweli.
Nimelizunguka kama mtu anavyozunguka kisima kilichoachwa.

Basi saa tisa nimevua aproni,
nimevaa viatu vya kanisani,
nimepanda.

Hakuna tiketi. Yupo Ndahani, mlinzi,
na mbuzi saba ambao si wake
ingawa wanamtii.
"Unatafuta nini, Mama Yudita?"
"Nimekuja kutembea."
Akanitazama kana kwamba nimesema nimekuja kujifungua.

Nikapiga hodi. Mlango wenyewe haupo,
lakini aliyefundwa hapiti hata kwenye pengo bila hodi.
Mbuzi mmoja akaitika.

Ndani ni nyasi, na jina la kijana fulani
limechongwa kwa msumari,
na kando yake jina jingine, limekwanguliwa.
Ukuta ulikuwa na joto la mchana kutwa.
Nikaupima kwa mgongo wa mkono, mazoea ya hospitali.
Jiwe hili, au jirani yake,
lilipanda hapa juu ya kichwa cha Masinjila,
babu yake mama.
Hakusimulia ujenzi. Alisimulia ngata tu:
alivyoisokota kwa magome, ikaisha,
akasokota nyingine, ikaisha,
na boma lilikuwa bado halijafika madirishani.
Hamsa ishirini aliitaja mara moja,
kwa Kiswahili, katikati ya Kigogo,
kama mtu atemavyo chembe ya mchanga katikati ya ugali.

Ngazi ya nyuma imebaki nusu. Nikapanda nusu hiyo.
Mbele ya miguu yangu nchi inakatika ghafla
na huko chini kabisa imelala Bahi,
neno linaloanza kama bahari
likakata tamaa njiani.
Mwezi huu ni chumvi na vumbi jeupe.
Lakini jua lilipoinama nilifumba jicho moja,
na mgeni wa kweli angeapa ni maji,
angeuliza bandari iko upande gani.

Nikapiga picha. Kivuli changu kikaingia bila kualikwa,
na kitambaa chake kichwani,
kirefu kuliko boma.
Nikaandika kwa kidole kimoja:
Huko kwenu, mawe alipandisha nani?

Jibu limekuja usiku, nakunja mashuka ya wodi ya wazazi.
"Mama, nimerudi nikasoma vibao vyote.
Yupo mfalme, wapo makapteni,
hata mzinga una jina lake.
Nimemuuliza muuza tiketi.
Naye amemuuliza mwenzake.
Mwenzake amecheka,
kisha ameacha kucheka."

Sijajibu bado.
Nje upepo umeamka, mashuka yaliyobaki yanapiga makofi gizani.
Nimetoka bila taa,
nimeshika kamba.