Tranka

Taa ni ya kijani. Ndiyo inayoniudhi.
Alhamisi saa sita kasoro usiku, Ghala,
nimekaa juu ya ndoo ya rangi kwenye chumba cha seva
maana kiti wamekichukua watu wa hesabu.

Kampuni inauza pampu za visima.
Tangu Jumapili simu za nje zinaingia, zinalia,
Bindu wa mapokezi anainua: alo? alo?
Wao wanamsikia. Yeye hawasikii.
Mzee mmoja wa Suwaiq kaja mwenyewe na bakora
kuuliza kama dada yule ni kiziwi au ana kiburi.

Usajili upo. Nywila ndiyo hiyo hiyo.
Kodeki tumekubaliana, mlango wa 5060 uko wazi,
968 imekaa mbele ya namba panapostahili.
Qais wa kampuni ya simu: "Kwetu hakuna tatizo, dada."
Miaka tisa ya kazi hii, sijasikia kwao kuwe na tatizo.

Basi nikazinasa pakiti, nikazichambua kama mchele,
mstari kwa mstari, mpaka chuya ikajitokeza:
mashine yetu inamwambia mtu wa nje,
sauti yako niletee 192.168.1.20.

Hiyo ni anwani ya chumbani.
Ni kumwelekeza mgeni: njoo mlango wa pili, baada ya mtungi.
Mtungi gani? Gereji ya jirani nayo ina mlango wa pili,
na duka la vioo, na Ghala nzima.

Mchana mama aliniuliza, unatengeneza nini siku zote hizo?
Tranki, nikasema. Akasikia tranka.
"Ya nini? Mbona ipo chini ya kitanda?"
Ya bati, ya kijani, aliyotoka nayo Weti.
Ndani bado mna karatasi za barua.
Miaka miwili ya mwanzo aliandika kwao kila mwezi,
na juu, penye anwani, akaweka:
Kwa Bi Shinuna, Ruwi, nyumba yenye mkunazi.
Barua zake zilifika, zikasomwa kwa sauti barazani.
Hata jibu moja halikumfikia.
Akadhani wamemsusa.

Nikaandika anwani ya nje, ile inayojulikana njiani,
nikautenga mtandao wa ndani, nikahifadhi, nikawasha upya.
Dakika tatu natazama ukuta.
Nani yu macho saa hizi wa kunijaribia?

Nikatuma ujumbe: mama, nipigie namba ya ofisi.
Ikalia. Nikainua. Alo?
Kimya, nusu sekunde, moyo ukaniruka,
kisha kikohozi chake, na televisheni nyuma yake:
"Wewe! Saa saba hii! Umekula?"

Sikumjibu upesi.
Nilitaka aseme tena.