Ndoo ya Kuazima

Mwali ulizimika Jumanne, chai haijachemka.
Shangazi Jendeka akafungua bomba, akafunga, akafungua,
akalipiga jiko kofi kama mtoto anayekataa kuamka.
Kisha akanipigia simu Maseno:
Si wewe unasomea wadudu? Wangu wamegoma.

Nami nilikuwa na mgomo wangu.
Miezi minne nalea kiumbe mmoja katika chupa,
nimemtenga na wenzake wote nipate kumjua vizuri,
nimempa tindikali safi, chumvi za kupimwa, giza, vuguvugu,
naye kila Ijumaa ananifia.
Daktari Osodo aliinua chupa dirishani, akasema tu:
Huyu hali peke yake.

Chavakali nilifika na mvua ya saa tisa.
Tangi limezikwa nyuma ya zizi, mdomo tu uko nje.
Nikaufunua: uchachu ulinichoma puani,
si harufu ya samadi, ni ya kitu kilichokatizwa.
Umemwaga nini humu?
Kimya.
Halafu: Wageni wa kanisa walikuwa waje. Zizi lilinuka.
Nililiosha kwa jiki.

Nikachukua kijiti, nikamchorea topeni.
Wa kwanza hutafuna nyuzi zilizomshinda ng'ombe, huacha sukari.
Wa pili hula sukari, huacha uchachu.
Wa tatu hula uchachu, hutema hidrojeni,
na hidrojeni ikimjaa mlangoni humkaba,
hawezi kumeza hata tonge jingine
mpaka wa nne aje kuizoa,
kama yule anayepita kuomba maganda ya nguruwe wake.
Kwa maganda hayo anapumua gesi,
na kwa gesi hiyo wewe unapika chai.

Wanapendana?
Sidhani hata wanajuana, shangazi.
Wamekaa karibu tu, karibu mno,
unywele mmoja ukilala kati yao ni barabara kuu.
Na chakula chenyewe ni haba,
faida ya muuza omena siku ya mvua,
hiyo hiyo wanaikata vipande.

Kwa hiyo nimewaua.
Umemuua wa nne. Wa tatu anakufa kwa taka zake mwenyewe.

Dawa ni majivu kidogo, subira,
na ndoo ya tope hai kutoka tangi linalowaka.
Alijua kabla sijamaliza.
Kilima kizima kina tangi jingine moja, la Mmbone,
ambaye hawajasalimiana
tangu mkaratusi wa mpakani ulipoangukia migomba.

Shangazi aliosha miguu. Akavaa sweta ya Jumapili.
Akaenda na ndoo ya rangi, kifuniko kimefungwa,
kana kwamba tayari kulikuwa na kitu ndani.

Mirembe, alisema kwenye ua.
Mirembe, ilirudi, baada ya muda.
Wakasema habari za mvua. Wakasema bei ya mbolea.
Mkaratusi haukutajwa.
Mmbone aliijaza ndoo hadi ukingoni
na hakumpa. Aliibeba mwenyewe, anapepesuka,
tope linamchuruzika kwenye gamubuti.
Ni nzito, alisema. Na napia yako naona imesimama.
Yangu imedumaa yote, ng'ombe wanalamba ukuta.
Shangazi akatazama napia yake kama hajawahi kuiona.
Tuma kijana na panga, alisema.

Siku kumi na tisa, kuni na moshi.
Ya ishirini, kiberiti kikashika kitu:
mwali wa bluu, mdogo, wenye aibu,
ukaruka, ukakaa.
Aliniambia kwa simu, nikasikia sufuria nyuma yake.

Nimerudi kwenye chupa yangu.
Nimemtilia yule mwingine, mzoa taka,
niliyekuwa nikimchuja miezi minne kama kosa.
Ijumaa kioevu kilikuwa na ukungu.
Nikakitikisa, ukungu ukazunguka, haukutua.

Daftari la maabara lina safu moja ya jina.
Nimeandika mawili,
herufi zimebanana, moja imeingia ndani ya nyingine,
sijui wino wa nani umeishia wapi.